Sura ya Sita: Mchezo wa Nauli

Ilikuwa Julai 2022, kwenye nyasi za Wimbledon, na ubao ulikuwa umesimama 9-9. Seti ya kwanza Wakanada wawili waliichukua 6-3. Ya pili wakaipoteza 6-4. Wasichana chipukizi wanapocheza wawili wawili hawapewi seti ya tatu nzima. Hupewa mbio fupi za kufika pointi 10, na anayeshinda lazima amwache mwenzake kwa mbili. Kwa hiyo 9-9 ni mahali pabaya pa kusimama. Pointi mbili baadaye mambo yakawa yamekwisha, 11-9, na Angella Okutoyi wa Kenya akawa amekumbatiana na mwenzake, Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Hakuna Mkenya kabla yake aliyewahi kubeba taji la Grand Slam, liwe la wakubwa au la watoto.

Nairobi ilishangilia, na ilistahili. Lakini mimi jina lililonishika lilikuwa upande wa pili wa wavu. Mmoja wa wale Wakanada alikuwa Kayla Cross. Wa pili, binti wa miaka 15, aliitwa Victoria Mboko. Ukitoka huku kwetu hilo jina hulisomi ukalipita. Baba na mama yake ni Wakongo waliohama nchi; yeye alizaliwa Charlotte, Marekani, Agosti 2006, akalelewa Ontario, kitinda mimba wa watoto wanne ambao wote walishika raketi.

Siku ile, basi, binti wa Nairobi alimfunga binti wa Wakongo. Miaka mitatu baadaye yule aliyefungwa alikuwa akiwaangusha mabingwa wa dunia mmoja baada ya mwingine, na yule aliyefunga alikuwa bado anasaka pointi za kumfikisha kwenye milango ambayo mwenzake alishaipita. Nimelifikiria pengo hilo kwa muda mrefu. Sioni kwamba limetokana na mkono, wala na moyo.

Naandika haya nikiwa Luena, Haut-Lomami, huku Kongo, mahali ambapo tenisi ni neno la mbali. Huku watu wanajua makaa ya mawe na wanajua reli. Makaa ndiyo yaliyouzaa mji: si makaa ya sifa, yanawaka kwa uvivu na kuacha majivu mengi, lakini viwanda vya Katanga viliyahitaji, na njia ya reli iliyofika Bukama mwaka 1918 ilikuwa ikipita hapahapa. Ukimtajia mtu tenisi atakujibu kwa Kiswahili chetu cha huku, bila ubaya wowote: "Ile ni mchezo ya bazungu." Kisha atakuuliza habari za Mazembe, timu ya mpira wa miguu.

Hakosei sana. Miji ya kampuni ya Katanga ilijengwa kwa mpango mmoja: nyumba za wakubwa wa kizungu upande huu, kambi ya wafanyakazi upande ule, na kati yao nafasi ya kutosha ili watu wasisahau. Wakubwa walikuwa na klabu yao, na klabu haikukamilika bila kiwanja cha tenisi. Mtoto Mwafrika aliingia humo kwa kazi moja, kuokota mipira. Jambo linalonichekesha ni udongo. Sehemu nyingi za Afrika wakoloni waligundua kwamba udongo wa kichuguu, ukitwangwa, ukamwagiwa maji na kushindiliwa, hutoa uwanja mgumu, uliosawazika, usiopasuka ovyo. Katanga ni nchi ya vichuguu. Vingine ni virefu kuliko nyumba. Yaani kiwanja chenyewe, ndugu wa ile terre battue, udongo ulioshindiliwa, ambayo Wafaransa wanaionea fahari pale Roland Garros, kimelala chini ya miguu yetu bure. Mchwa wameshafanya nusu ya kazi.

Kwa hiyo uwanja si kitendawili. Uwanja hujengeka kwa majembe na wiki tatu. Kitendawili ni kinachofuata baada ya mtoto kujua kupiga mpira.

Okutoyi alizaliwa Januari 2004 pamoja na pacha wake, Roselida Asumwa. Mama yao alifariki katika uzazi huo. Bibi yao, ambaye huku tungemwita nkambo, ndiye aliyewachukua. Alikuwa mfanyakazi wa Shule ya Msingi ya Loresho, Nairobi, na aliishi na wajukuu wake katika nyumba za wafanyakazi ndani ya ua wa shule. Ndani ya ua huohuo palikuwa na mpango wa kuwafundisha watoto tenisi. Mapacha walianza wakiwa na umri wa miaka minne hivi. Watu hupenda kuisimulia hadithi hii kama hadithi ya umaskini, machozi na hatimaye kombe. Mimi nikiisoma naona umbali: kutoka mlango wa bibi hadi kiwanjani kulikuwa na hatua chache. Hapakuwa na nauli. Familia hiyohiyo ingekuwa inaishi kilomita tano kutoka hapo, pengine tusingelijua jina la mtoto.

Hatua zilipozidi kuwa ndefu, alitokea mtu wa kuzilipia. Shirikisho la kimataifa la tenisi, ITF, lina vituo vya mafunzo vya kanda barani Afrika. Kimoja kilikuwa Bujumbura, na Okutoyi alipelekwa huko angali mtoto wa miaka 10 hivi, kabla machafuko ya Burundi hayajawarudisha watu makwao. Ukitazama ramani, Bujumbura ni jirani yetu kuliko Kinshasa. Hapo Burundi ndipo anapotoka Sada Nahimana, mzaliwa wa 2001, ambaye naye amejipatia riziki kwa raketi katika mashindano ya wanawake duniani. Nasema hivi kwa wale wanaodhani habari hizi ni za Ulaya tu.

Mwaka 2021 Okutoyi alishinda ubingwa wa Afrika wa chipukizi kule Tunisia, na ushindi huo ukamfungulia njia ya Melbourne. Januari 2022 alicheza mashindano ya wasichana ya Australia, akashinda mechi yake ya kwanza dhidi ya Federica Urgesi wa Italia, jambo ambalo hakuna msichana wa Kenya aliyekuwa amelifanya katika Grand Slam ya chipukizi. Akashinda na ya pili. Raundi ya tatu akakutana na Lola Radivojević.

Radivojević ni Mserbia. Ukicheza tenisi kwa muda wa kutosha, siku moja Mserbia atasimama mbele yako, na hapo ndipo swali la kweli linapozuka. Serbia ina watu wasiofika milioni saba. Haina bahari. Haikuwa na fedha wakati kizazi chake kikubwa cha tenisi kinalelewa. Ilikuwa na vita na vikwazo. Novak Djokovic alizaliwa Belgrade tarehe 22 Mei 1987. Wazazi wake walikuwa na mgahawa wa piza huko milimani Kopaonik, na ng'ambo ya mgahawa serikali ikajenga viwanja vya tenisi. Mtoto alisimama kwenye uzio akitazama. Mwalimu wa pale, Jelena Genčić, aliyekuwa ameshamnoa Monica Seles utotoni, akamuuliza kama anataka kujaribu.

Tena umbali. Toka kwenye meza ya piza hadi uwanjani ni kuvuka barabara.

Tarehe 24 Machi 1999 ndege za NATO zikaanza kuipiga Yugoslavia, na zikaendelea siku 78. Djokovic alitimiza miaka 12 mabomu yakianguka. Amesimulia mwenyewe kwamba walichagua kufanyia mazoezi maeneo yaliyokwisha kupigwa karibuni, kwa hesabu kwamba marubani hawatarudi mahali palepale. Mjini humohumo Ana Ivanovic alikuwa akijifunzia ndani ya bwawa la kuogelea lililokaushwa maji na kutandikwa zulia. Palikuwa pembamba, mpira wa mshazari haukupigika, basi ukapigwa wa kunyooka. Mwaka 2008 Ivanovic alitwaa Roland Garros na kuwa wa kwanza duniani. Mwaka huohuo Jelena Jankovic, Mserbia mwingine, akakikalia kiti hicho. Mwaka 2010 wanaume wao wakabeba Kombe la Davis. Djokovic hadi kufikia 2023 alikuwa amekusanya mataji 24 ya Grand Slam, wingi ambao hakuna mwanamume mwingine aliyeufikia.

Watu wakisimulia Serbia husimulia mabomu. Mabomu hayamfundishi mtu kupiga mpira. Yangekuwa yanafundisha, mashariki ya Kongo ingekuwa imejaa mabingwa. Serbia ilikuwa na vitu ambavyo mabomu hayakuvimaliza: walimu waliorithi ufundi wa Yugoslavia ya zamani, vilabu vya mitaani, na Ulaya nzima mlangoni. Akiwa na miaka 12 Djokovic alipelekwa karibu na Munich, kwenye chuo cha Niki Pilić, mzaliwa wa Split ambaye naye aliwahi kucheza fainali ya Roland Garros. Baba yake alikopa fedha kwa watu wa riba kali ili mtoto asafiri. Ni mateso, sikatai. Ila kutoka Belgrade hadi Munich unaweza kwenda kwa basi.

Sasa tufungue daftari la hesabu, maana hapa ndipo wanahabari wengi wa michezo huruka ukurasa. Katika mpira wa miguu timu hukupeleka. Katika tenisi unajipeleka. Nafasi yako duniani hutokana na pointi, pointi hutolewa mashindanoni, na kila pointi huishi wiki 52 kisha hufa. Usiposafiri mwaka huu, ulichokichuma mwaka jana kinafutika chenyewe, kama muhogo unaoozea shambani. Mashindano ya chini kabisa ya wanawake yana zawadi ya dola 15,000 kwa jumla, na fungu hilo hugawanywa kwa wachezaji wote. Anayetolewa raundi ya kwanza huondoka na dola zisizofika 200. Mkufunzi, hoteli, chakula, nyuzi za raketi na tiketi ya ndege vyote ni vyake. Mashindano hayo huchezwa wiki baada ya wiki Monastir, Tunisia, na Sharm el-Sheikh, Misri. Kwa Mwitaliano ni safari fupi. Kwa mtu wa Nairobi ni safari. Kwa mtu wa Luena, kabla hajaiwazia Monastir, lazima kwanza afike Lubumbashi.

Na kufika Lubumbashi si jambo la kuandika kwa sentensi moja. Tarehe 10 Machi 2022, miezi minne kabla ya ile fainali ya Wimbledon, treni ya mizigo iliyokuwa ikitoka huku Luena kwenda Tenke iliacha njia karibu na kijiji cha Buyofwe. Mabehewa yalitumbukia mabondeni. Walikufa watu zaidi ya 70. Haikuwa treni ya abiria. Watu walikuwa wamepanda juu ya mizigo kwa sababu wanaotaka kusafiri ni wengi na usafiri ni mchache: mama mwenye magunia, kijana anayetafuta kazi, mwanafunzi anayerudi shule. Nimeliweka tukio hili katika sura ya tenisi makusudi. Tunapohesabu nini kinamzuia mtoto wa hapa, tuanzie kwenye reli, ndipo tufike kwenye raketi.

Okutoyi hakuanzia mbali hivyo, na bado nauli ilimshika. Taji la Wimbledon la chipukizi halina zawadi ya fedha hata senti moja, chipukizi hawalipwi. Pointi zake za utoto hazikuhamia kwenye daftari la wakubwa. Alipofikisha umri, alilazimika kuanza upya chini kabisa, Mkenya peke yake, katika nchi ambayo tangu Paul Wekesa, aliyefika nafasi ya 100 mwaka 1995, haikuwa imemtoa mtu wa kumwonyesha njia. Akafanya uamuzi ambao baadhi ya mashabiki waliunung'unikia: akaenda kusoma Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, kwa ufadhili wa michezo. Walisema amejificha. Mimi nasema alipiga hesabu vizuri. Chuo cha Marekani kinampa mchezaji mkufunzi, daktari, uwanja, basi la timu na kitanda hotelini, na mwisho wake kinampa shahada. Ni nauli ya miaka minne iliyolipwa kwa mkupuo.

Machi 2024 alikwenda Accra kwenye Michezo ya Afrika. Wamisri ni miongoni mwa wababe wa tenisi ya wanawake barani, na fainali ilimkutanisha na mmoja wao, Lamis Alhussein Abdel Aziz. Okutoyi akashinda, dhahabu ikaenda Kenya. Dhahabu hiyo ilikuwa imefungamanishwa na Olimpiki ya Paris, ila kwa sharti: bingwa wa Afrika awe pia ndani ya 400 bora duniani ifikapo tarehe ya mwisho. Soma sharti hilo polepole. Umeshawashinda wote barani mwako. Kisha unaambiwa uthibitishe hilo kwa kusafiri. Miezi iliyobaki ilikuwa michache, mashindano yalikuwa mbali, na hakufika 400. Agosti hiyo, kwenye udongo mwekundu wa Roland Garros, Djokovic mwenye miaka 37 alimfunga Carlos Alcaraz na kupata dhahabu aliyoikosa maisha yake yote. Alilia kama mtoto. Okutoyi hakuwepo.

Mboko naye alikuwa na shida zake. Goti lilimsumbua, na alianza mwaka 2025 akiwa nje ya 300 bora. Sitaki msomaji adhani alibebwa. Mwanzoni mwa mwaka huo alishinda mechi 22 mfululizo katika mashindano madogo, na hakuna anayeweza kukushindia hizo. Lakini angalia alivyozungukwa. Shirikisho la tenisi la Kanada lina fedha kwa sababu Kanada ina shindano kubwa lake lenyewe, linalopokezana kati ya Montreal na Toronto. Shindano huingiza fedha, fedha hulea watoto, watoto hujaza viti vya shindano. Mkufunzi wake alikuwa Nathalie Tauziat, Mfaransa aliyecheza fainali ya Wimbledon mwaka 1998. Na mwaka huohuo wa 2025, Mboko akiwa wa 85 duniani, Montreal ilimpa kadi ya mwaliko ya kuingia moja kwa moja. Kadi ya namna hiyo hutolewa na mwenye nyumba. Nchi isiyo na shindano haina kadi ya kumpa mwanawe, wala haina ya kubadilishana na jirani.

Alichokifanya na kadi hiyo ni chake mwenyewe. Alimtoa Sofia Kenin, aliyewahi kuwa bingwa wa Australia. Alimtoa Coco Gauff, bingwa wa Roland Garros wa mwaka huohuo, kwa seti mbili kavu, 6-1, 6-4. Nusu fainali alikutana na Elena Rybakina, yuleyule aliyetwaa Wimbledon ya wakubwa Julai ile ya 2022, wiki ambayo Mboko alikuwa akilia na Cross kwenye uwanja wa chipukizi. Akapigwa 6-1 katika seti ya kwanza. Akaanguka vibaya, akaumia kifundo cha mkono. Akaokoa pointi ya mwisho ya Rybakina, akageuza mechi, akashinda katika seti ya tatu kwa 7-6.

Fainali dhidi ya Naomi Osaka ilichezwa Alhamisi jioni, tarehe 7 Agosti. Kwetu ilikuwa tayari usiku mkubwa, Ijumaa ikianza. Luena ilikuwa imelala. Mbwa tu na jenereta moja ya mbali. Sikuwa na picha, nilikuwa nafuata namba kwenye simu, na namba zinapofuatwa gizani huwa na ukatili wake: Osaka 6, Mboko 2. Nikasema basi, imetosha, mtoto amefika mbali. Seti ya pili 6-4, ya Mboko. Nikainuka nikakaa. Seti ya tatu ilipofika 2-1 simu ikanyamaza. Mega za intaneti zilikuwa zimekwisha, na usiku ule hapakuwa na duka lililo wazi la kununua nyingine.

Niliyajua matokeo asubuhi, baada ya kununua mega za franga chache kwa kijana anayeuza kadi za simu karibu na stesheni. 6-1. Zawadi yake, dola 752,275. Jumatatu iliyofuata alikuwa wa 24 duniani, na kabla mwaka haujaisha aliongeza taji la Hong Kong na kuingia 20 bora.

Nilimwonyesha yule muuza kadi jina kwenye kioo cha simu. Akalisoma kwa sauti, mara mbili, akitabasamu.

"Mboko. Huyu ni wa kwetu kabisa. Anaikaka wapi?"

"Kanada."

"Aaa," alisema, akanirudishia simu, akamgeukia mteja mwingine.